Kamba Inayofika Mlangoni

Sarnai, binti yangu wa pekee, aliniambia kwa simu kwamba wazazi wenzake huko mjini husema siku za kulea watoto wadogo ni ngumu, lakini zikipita utazililia. Akaniuliza kama mimi nazililia. Nikamwambia nina kondoo wa kuchunga, nikakata simu. Kisha nikaanza kusokota kamba.

Alikuwa anakuja kuniachia mwanawe Anu, mtoto wa mwaka na nusu, nikae naye majira yote ya joto. Nilisokota manyoya ya ngamia, yale laini ya shingoni, nikaifunga kamba kwenye mguu wa kitanda, palepale alipofungwa mama yake.

Sarnai nilimlea peke yangu. Baba yake, Luvsan, aliondoka na mpishi wa shule, akachukua farasi wote ila mmoja mwenye chongo. Mama yake Luvsan akatangazia bonde zima kwamba mdomo wangu ndio uliomfukuza. Mdomo upi? Mwaka ule mdomo wangu ulikuwa umeganda kwa baridi, nazalisha kondoo kwenye theluji, na ndani ya hema mtoto yuko na jiko linalowaka. Nani angemshika? Kamba ilimshika. Nikiwa zizini nilimsikia akilia, nikamlaani Luvsan, na moyo ukatulia, maana mtoto anayelia vile hajaungua.

Alipofikisha miaka saba, gari la bweni likamchukua. Nikamnusa shavu la kulia, la kushoto nikaliacha, kama tunavyomfanyia kila msafiri: hilo hunuswa akirudi. Aliporudi likizo alikuwa amejifunza kugeuza uso. Lile la kushoto sikulinusa.

Basi walifika asubuhi. Jirani yangu Tsend, mjane asiyekosa chai ya watu, alikuwa ameshaketi. Sarnai hata bakuli la chai hakulipokea.

"Mama, hii nini?"

"Kamba. Mpya. Haimchubui."

"Unataka kumfunga mwanangu kama mbuzi?"

"Mbuzi simfungi. Mbuzi anajua jiko ni moto."

Tsend akacheka mpaka chai ikamwagika. "Sote tulifungwa, binti. Mimi nilifungwa mpaka nikaolewa, na huko ndiko nilikofungwa sawasawa."

Sarnai hakucheka. "Naikumbuka, mama. Nakumbuka nalia na wewe huji."

"Ningekuja na nani abaki na kondoo? Baba yako?"

"Kila kitu baba! Narudi na mwanangu mjini leo hii."

Nilikuwa nimemtengea Anu jibini tamu, nimemshonea na buti. Maneno ya kumbembeleza mtu sikuwahi kuwa nayo, na yale machache niliyokuwa nayo aliondoka nayo Luvsan.

Anu ndiye aliyeokota kamba. Akaivuta kuelekea kwenye jiko, ikakazika umbali wa mkono mzima kabla ya moto. Akageuka, akaivuta upande wa pili, ikamfikisha mpaka kizingitini. Akasimama pale anatazama zizi.

Sarnai akamtazama. "Kwa nini kitanda kiko mlangoni? Kwa watu wote hapa ni mahali pa kiriba cha maziwa."

"Nilikihamisha ulipoanza kutambaa. Bibi yako alinicheka, eti nalala na kiriba. Lakini ukikaa hapo ulikuwa unaniona."

Alimbeba mtoto, wakaenda garini. Uamuzi wake haukubadilika, na mimi sikuomba.

Mtu akiniuliza leo, nitasema baridi siililii, wala kulala na nguo zenye damu ya kondoo. Nalilia kile kilio chake. Kulikuwa na mtu aliyetaka nije, mimi na si mwingine, na alikuwa hawezi kwenda mbali.

Nilimnusa Anu shavu la kulia. Alinukia maziwa na vumbi. Nilipochukua maziwa ya kurusha nyuma ya gari, ya kuwatakia njia njema, Sarnai alikuwa bado amesimama, mlango wa gari wazi, uso ameuelekeza milimani. Shavu la kushoto lilikuwa upande wangu.

"Hili ni la siku ile ya bweni," alisema. "Harakisha, dereva anasubiri."

Nikalinusa. Kisha akanigeuzia la kulia, nikamsukuma.

"Hilo hapana," nikasema. "La kushoto umeshalitoa, hilo libaki deni mpaka urudi."