Jembe Lililobaki London

Ezekia, mume wa shangazi yangu Emilia, alikuwa mpishi, na sidhani kama kuna aliyewahi kumwona kuwa mtu wa pekee isipokuwa yeye mwenyewe, tena siku za Jumapili tu. Mwaka 1952 Bwana Shamba mmoja wa Njombe alistaafu, akarudi kwao London pamoja na mpishi wake, kwa kuwa mkewe hakujua kuchemsha hata maji. Ezekia, Mbena wa Kifanya, akakaa huko miezi kumi na minane.

Kila Alhamisi alasiri alipewa ruhusa, akatembea peke yake. Kwao mtu hapiti mlango wa mwenziwe bila kusalimu, basi akaipita mitaa ya London akiinama mlango hadi mlango, "Kamwene! Kamwene!" Wengi walifunga milango. Bibi mmoja alimkabidhi paka, akidhani ametumwa kumchukua. Mvua ilipozidi aliingia kwenye majumba ya makumbusho. Ningependa kuandika kwamba alivutwa na elimu, lakini mwenyewe alisema ni soksi zilizolowa.

Katika jumba mojawapo aliona jembe la kienyeji ndani ya kabati la kioo, limesimamishwa makali juu, na kadi ikisema ni silaha ya vita. Alimwamkia askari wa zamu, akamweleza kwa adabu kwamba lile ni jembe la mahari.

"Usiguse kioo," alijibiwa.

Aliporudi mwaka 1954 alipata kazi katika hoteli ya madereva wa malori pale Makambako, akamposa Emilia. Babu yangu Odilo, Mpangwa aliyehama Liganga akajenga karibu na misheni ya Njombe, alikuwa Mkatoliki. Kwa Mlutheri kama Ezekia angeweza kufumba macho, alisema, lakini si kwa mwongo. Na uvumi ulikuwa umeenea kwamba Ezekia hakuvuka Morogoro. Kwa desturi posa hupelekwa na mshenga, mposaji akabaki kwao akitafuna kucha. Lakini habari za safari hutolewa na aliyesafiri, na Odilo alitaka kuzisikia kabla ya neno lolote la mahari. Ezekia akaitwa. Asingeaminiwa, asingeoa.

Maskini, alisema kweli tupu. Alisema wako Wazungu wanaofagia barabara. Alisema kuna nyumba kubwa kuliko kanisa, ambamo watu huingia kutazama vyungu, wasinunue hata kimoja, wakatoka wameridhika.

"Vyungu vitupu?" aliuliza baba yangu Silvesta, kaka yake Emilia.

"Vitupu."

"Shemeji, Morogoro imeendelea sana!"

Watu wakaangua kicheko. Ezekia akataja jembe lililosimamishwa makali juu. Odilo, aliyekuwa akichokonoa meno, akaacha.

"Shingoni lilikuwaje?"

"Lina alama tatu, mzee. Ya katikati ni fupi."

Hakuna aliyecheka tena. Ile ilikuwa alama ya baba yake Odilo, mhunzi wa Liganga, na huku kwetu majembe yake yote yalikuwa yamekwisha kuliwa na udongo tangu zamani.

"Basi ulifika," Odilo alisema polepole. "Ukaliona jembe la baba yangu. Liko wapi?"

"Nililiacha, mzee. Limezungushiwa kioo."

"Kioo huvunjika."

"Kuna askari."

"Ulimsalimia?"

"Nilimsalimia."

"Na hukumwomba?"

"Sikumwomba."

Odilo akasimama. "Mtu anayeacha mali ya ukoo kwa watu wanaoisimamisha miguu juu, atamtunzaje binti yangu?"

Emilia, aliyekuwa jikoni akisikiliza yasiyomhusu kama ilivyompasa kila binti mwenye akili, akatokea na mwiko mkononi.

"Baba, mwongo angesema aliomba akanyimwa. Au angesema alilichukua likaibwa bandarini. Huyu amekaa mbele yako akakosa hata uongo mdogo wa kumfaa. Mimi namtaka huyuhuyu. Sitapata taabu ya kumchunguza."

Odilo akakaa. Alifikiri kwa muda wa kikombe kizima cha pombe ya ulanzi.

"Mbuzi mmoja zaidi," alisema hatimaye. "Wa uzembe."

Mbuzi alitolewa, ndoa ikafungwa. Mimi, niliyefika hadi chuo kikuu, nimejiuliza mara nyingi ningemjibu nini mzee yule. Nadhani ningesema liliibwa bandarini, tena ningetaja na jina la meli.