Karibu ya Mdomoni

Mzee niliyemfanyia kazi mtaa wa Naif, huko Uarabuni, alikuwa na mkono wa birika, na ninasema hivyo kwa heshima zote, maana ndiye aliyenilisha miaka minne. Kunilisha nako ni namna ya kusema tu. Alikuwa mtu wa Mombasa, muuza madera na vitambaa kwa jumla, na ubahili wake ulikuwa na ufundi. Kijiti cha kuchokolea meno alikivunja vipande viwili, kimoja cha leo na kimoja cha kesho. Kifuko kimoja cha chai kilitoa vikombe vitatu, na cha tatu kilikuwa changu. Kiyoyozi kiliwashwa mteja akionekana mlangoni na kuzimwa akitoa mguu nje, hata wateja wa kudumu wakajua kwamba wakitaka ubaridi lazima waendelee kuuliza bei.

Ila kwa adabu hakuwa na mpinzani. Kila siku saa saba majirani walifunga maduka kwa mapumziko ya mchana. Yeye hakufunga. Alifungua bakuli lake la wali juu ya meza ya kukatia vitambaa, akaniangalia, akasema, "Karibu chakula, mwanangu."

Siku ya kwanza nilikaribia. Mimi ni mtu wa Singida, na nyumbani kwetu ukiambiwa karibu unanawa mikono. Nilikula nusu ya bakuli huku nikimsifu mpishi, naye mzee hakuweza kusema lolote, kwa kuwa aliyenikaribisha ni yeye. Jioni nilimsimulia mwanamke mwenzangu wa Malindi niliyekaa naye chumba kimoja. Alicheka hadi akakaa chini.

"Ati ulikula? Wallahi ulikula?" akaniuliza. "Ile ni karibu ya mdomoni, mwenzangu. Wewe wasema, 'Ahsante, nishakula.' Naye asema, 'Haya.' Yamekwisha."

Tangu hapo nikawa nimeshakula kila siku, hata siku ambazo tumbo langu lilinguruma na sote wawili tukalisikia.

Sasa nije kwenye Krismasi. Mdogo wangu alikuwa akifanya kazi za ndani mtaa wa Al Qusais, nusu saa tu kwa treni kutoka dukani, na tulikuwa hatujaonana kwa miaka miwili. Madam wake hakumruhusu kutoka, mimi sikuruhusiwa kuingia. Tulizungumza kwenye simu, yeye akinong'ona. Halafu, wiki moja kabla ya Krismasi, akanitumia ujumbe wa sauti uliochanganya kilio na kicheko: Madam amekubali. Siku ya Krismasi atatoka saa sita mchana, na saa tisa awe amerudi.

Nikamwomba mzee siku hiyo moja. Akaniuliza kama nimesahau kwamba mteja wa Kampala anakuja siku hiyohiyo kuchagua madera. Nikamweleza kwamba chumbani kwetu tuko wanawake sita na mwenye nyumba hataki wageni, kwa hiyo akininyima ruhusa sina pa kukaa na mdogo wangu.

"Basi na aje akae hapa," akasema. "Lakini asikunjue vitambaa."

Nilikasirika nikakunja upya madera yaliyokwisha kukunjwa. Moyoni nilimwita bahili, na majina mengine ambayo mchungaji wangu asingeyapenda. Lakini sikuwa na njia nyingine.

Siku ilipofika mdogo wangu alishuka kituo kisicho chake, akazunguka, akaingia dukani saa saba kamili akihema. Alikuwa amekonda. Tulikumbatiana pale mlangoni, nikasikia harufu ya sabuni ya sakafu kwenye nguo zake za kutokea, nikalia.

"Shikamoo, babu," akamwamkia mzee.

"Marahaba." Mzee alikuwa ndiyo kwanza anafungua bakuli lake. Siku hiyo lilikuwa na wali wa nazi na kipande kimoja cha samaki changu. Kwa mazoea tu, akasema, "Karibu chakula, mwanangu."

Nilikuwa nimemwonya mdogo wangu kuhusu vitambaa. Kuhusu karibu nilisahau kabisa.

"Ahsante, babu," akasema. Akauliza maji yako wapi, akanawa, akavuta boksi la madera, akakaa. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akanisogezea nafasi.

Alichukua tonge la wali, kisha tonge la pili pamoja na samaki. Mzee alikisindikiza kile kipande kwa macho kama baba anayemsindikiza binti yake uwanja wa ndege.

"Kwani huko unakokaa huli?" akauliza. Sidhani alikuwa na ubaya. Alikuwa na njaa.

"Nakula, babu, tena chakula kingi. Madam hana choyo." Mdogo wangu akalamba kidole. "Ila nakula jikoni, nimesimama, wao wakishamaliza. Naambiwa, 'Yalla, kula.' Tangu nije nchi hii, wewe ndiye wa kwanza kuniambia karibu."

Mkono wa mzee ulikuwa njiani kuelekea bakulini, akaurudisha magotini. Aliona haya, nami nikaona haya pamoja naye, maana sisi wawili tulijua ile karibu ilikuwa ya aina gani. Kisha akalisukuma bakuli zima mbele ya mdogo wangu.

"Kula, mwanangu," akasema. "Karibu sana." Safari hii alimaanisha.

Akamwacha amalize, ndipo akamuuliza anatakiwa arudi saa ngapi. Aliposikia saa tisa alitazama saa ya ukutani, akaomba namba ya Madam. Nilidhani atabipu tu, kwa kuwa sikuwahi kumwona akipiga simu hadi ikapokelewa. Alipiga kweli. Alizungumza Kiarabu, akaulizia afya, watoto, wazazi, wazazi wa wazazi, mpaka nikachoka kwa niaba ya Madam. Mimi nilichoelewa ni neno binti mara mbili, inshallah nyingi, na mwisho khalas, yaani yamekwisha.

"Mpaka saa kumi na mbili," akatuambia. "Nimeahidi nitamrudisha mimi mwenyewe, kwa teksi." Neno teksi lilimtoka kwa shida.

Sitadanganya kwamba alizaliwa upya. Habari ya ile teksi aliisimulia mwaka mzima, na kila aliposimulia safari ilizidi kuwa ndefu. Lakini mchana ule aliushusha mlango wa chuma hadi nusu, akachukua kigoda chake, akaenda kukaa nje ili tuwe peke yetu.

Nilikuwa na miaka miwili ya maneno ya kumwambia mdogo wangu. Nikaanza na habari za mama. Sikufika mbali. Alikuwa ameegemea marobota ya vitambaa, kichwa kikashuka polepole hadi mapajani mwangu, akapitiwa na usingizi. Kwanza nilitaka kumwamsha. Zile saa nilikuwa nimezingoja sana, nilizitaka zote, na niliuonea wivu usingizi. Kisha nikamtazama vidole vilivyochubuka kwa dawa za kusafishia, nikamwacha.

Mara nikamsikia mteja wa Kampala amefika mlangoni. Ndiye aliyekuwa mteja wetu mkubwa kuliko wote. Alitaka kujua kwa nini mlango umeshushwa ilhali Naif nzima inajua kwamba duka hili halifungwi mchana.

"Njoo baadaye kidogo, mama," mzee akamwambia kwa sauti ya chini.

"Kwani kuna nini? Kuna msiba?"

"La," akasema mzee. "Kuna mtu amelala."