Leseni ya Mama Wakoli

Duka la Mzee Nzivo lilikuwa Kaloleni, upande wa njia ya kwenda Soko la Burma, lakini kwa miaka mingi aliyeonekana nyuma ya wavu wa duka hilo alikuwa Nafula. Nzivo alikuwa karani wa reli aliyestaafu, Mkamba wa Kangundo, mtu wa kofia na maneno machache. Nafula alikuja kutoka Bungoma na mumewe. Mume akafa mapema, akamwachia mtoto mmoja wa kiume, Wakoli. Nafula aliomba kazi ya kufagia, na kabla hatujamzoea akawa ndiye anayepima sukari, anayekata mikate nusu nusu na anayejua ni mama gani anataka mafuta taa kabla hajafungua mdomo.

Mbele kulikuwa na mikate na maziwa ya pakiti za pembe tatu. Nyuma kulikuwa na kreti za bia. Leseni ya Nzivo ilikuwa ya kuuza bia ya kubeba: unanunua, unaenda kunywea kwako. Wanaume waliotoka kazini kwenye viwanda vya Industrial Area walipitia hapo jioni, wakachukua chupa moja au mbili na mkate wa watoto. Bila bia duka lisingesimama. Nafula mwenyewe hakuionja, na Jumapili alikuwa wa kwanza kufika kanisani, kitambaa cheupe kichwani. Mtu akimtania kwamba anauza dhambi, alijibu, "Nauza na sabuni pia. Mbona hiyo husemi?"

Wakoli alikulia humo dukani, akiandika kazi ya shule juu ya kreti tupu. Alipokuwa mkubwa alipata kibarua katika kiwanda cha sabuni, kisha akaandikwa kabisa. Akamwoa Wacuka, msichana fundi wa cherehani, wakapata binti, Nekesa. Walikaa chumba cha jirani na cha Nafula. Mimi nilikaa mstari uo huo wa nyumba, na nakumbuka kicheko cha Wakoli kilivyopita ukutani.

Mwaka wa tisini na sita, asubuhi moja, genge lilivunja bohari kule Industrial Area na polisi wakalifukuza hadi kando ya reli. Watu watatu walipigwa risasi. Redio ikasema majambazi watatu sugu wameuawa. Mmoja wao alikuwa Wakoli, aliyekuwa akitoka zamu ya usiku, na mfuko wake ulikuwa na kopo la chakula na vipande vya sabuni ambavyo kiwanda kiliwaruhusu wafanyakazi kubeba. Wenzake waliomwona akitoka getini walisema hivyo kwa yeyote aliyewauliza. Aliyetakiwa kuuliza hakuuliza.

Nafula alimtambua mwanawe mochari. Aliporudi hakulia mbele yetu. Alifungua duka, akasimama nyuma ya wavu, na tukanunua vitu tusivyovihitaji ili tu asimame na watu.

Wacuka alikuwa mtu mwingine. Alisema hatanyamaza. Kupitia kanisa alipata wakili mmoja mwenye huruma, wakaanza kuomba hakimu achunguze kifo cha mumewe. Kila alipotoka kwenye cherehani alikuwa kwa wakili, au kwenye geti la kiwanda akitafuta mtu wa kutoa ushahidi.

Miezi hiyo hiyo Mzee Nzivo akazidiwa na ugonjwa wa sukari. Mguu ulivimba, akawa anatembea kwa kushika kuta. Siku moja alimwita Nafula nyuma ya duka.

"Mama Wakoli, mimi narudi nyumbani Kangundo. Watoto wangu hawataki duka, na hata wangetaka, hawalijui. Nataka libaki na wewe."

"Mzee, mimi ni wa kuuza tu."

"Ndiyo duka lenyewe hilo. Ila leseni ya bia iko kwa jina langu. Nikiondoka bila kuihamisha, watafunga upande ule, na ukifungwa ule, na huu utakufa."

Wakaomba pamoja leseni ihamishiwe kwa Nafula. Chifu hakuwa na neno. Afisa wa afya alikuja, akaangalia choo, akawaambia wapake ukuta rangi, ukapakwa. Sote tulidhani yamekwisha. Kilichobaki kilikuwa kikao cha kamati ya leseni za pombe, ambako mtu husimama, akasomewa jina, akakaa.

Siku ya kikao jina la Nafula liliposomwa, mkuu wa kituo cha polisi alisimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, polisi tunapinga. Mwombaji ni mama wa jambazi aliyeuawa na maafisa wetu akitoroka. Duka likiwa mikononi mwake litakuwa maficho. Wahalifu watakunywa hapo na kupanga mambo yao hapo."

Nafula alisimama akiwa ameshika kiti cha mbele. "Mwanangu alikuwa anatoka kazini," alisema.

"Mama, hapa si mahali pa kesi ya mauaji," mwenyekiti akamwambia, bila ukali. "Tunazungumza juu ya pombe. Polisi wana pingamizi, na mimi siwezi kuliruka. Tutakusikiza kikao kijacho."

Mzee Nzivo aliomba kusema. Alieleza kwamba amemjua mama huyu tangu Wakoli akiwa mdogo, kwamba dukani kwake hakujawahi kutokea vita. Mwenyekiti alimshukuru na kuita jina lililofuata.

Baada ya hapo alikuja Koplo Gedi. Alikuwa polisi wa kituo kile kile, mtu mpole aliyenunua maziwa kwa Nafula kila siku na ambaye tangu msiba alikuwa akiinamisha macho akipewa chenji. Alingoja wateja waondoke.

"Mama, nikwambie kitu, na usinitaje. Mkubwa hana shida na bia yako. Shida yake ni hiyo kesi ya mkaza mwana wako. Wewe ukikubali mbele ya kamati kwamba kijana alikuwa mbaya, ataondoa pingamizi siku hiyo hiyo."

"Niseme mwanangu alikuwa mwizi?"

"Ni neno tu, mama. Yeye ameshalala. Wewe na mtoto bado mnakula."

Nafula alirudi kupanga mikate. Aliniambia baadaye kwamba hakumchukia Gedi. Alimwona kama mtu anayemnyoshea mkono kutoka upande usiofaa. Hakumwambia Wacuka. Alimwangalia Nekesa akila uji, akafikiria Nzivo ambaye sasa hawezi kushuka kitandani bila msaada na bado anakataa kwenda kwao hadi duka lipate mwenyewe. Alifikiria cherehani ya Wacuka, ambayo ilikuwa ya kuazima. Wakoli alikuwa amekufa, na hakuna hakimu ambaye angemfufua. Hivyo ndivyo alivyojisemesha kila siku hadi kikao cha pili.

Siku hiyo Wacuka alikuwa kazini. Nzivo aliletwa kwa mkokoteni wa jirani, akawekwa kiti cha nyuma. Jina la Nafula likasomwa, na mkuu wa kituo akarudia maneno yake.

Mwenyekiti alimgeukia Nafula. "Mama, unasemaje juu ya hili? Huyo kijana alikuwa jambazi, au hakuwa?"

Ukumbi ulikuwa na watu wengi, wenye mabaa, wenye maduka, wote wakitaka jambo hilo liishe wapate zamu yao.

"Alikuwa," Nafula akasema.

"Sema tusikie."

"Alikuwa jambazi. Aliniacha kitambo, akafuata watu wabaya. Sikuwa na habari ya mambo yake."

Karani aliandika. Mkuu wa kituo akasimama, akasema kwamba kwa kuwa mama amejitenga na uhalifu, polisi hawana pingamizi tena. Muhuri ukapigwa.

Nje, Nzivo alikuwa amekaa kwenye mkokoteni, kofia magotini. Nafula alimwonyesha karatasi. Mzee aliitazama, akamtazama yeye.

"Ni mimi niliyekuleta hapa," alisema.

"Ni miguu yangu iliyokuja, Mzee."

Wiki iyo hiyo Nzivo akasafirishwa Kangundo. Duka likaandikwa jina jipya kwa rangi nyekundu, na kreti zikaendelea kuingia. Nafula aliuza kama kawaida, lakini aliacha kwenda kanisani. Tukimuuliza alisema Jumapili ndiyo siku ya biashara.

Haikuchukua muda. Wakili alipofuatilia ombi la uchunguzi, polisi walijibu kwamba mama mzazi wa marehemu mwenyewe amethibitisha mbele ya kamati ya serikali kwamba mwanawe alikuwa mhalifu. Ombi likakataliwa. Wacuka aliambiwa hivyo akiwa amesimama katika ofisi ya wakili, na alitembea kutoka mjini hadi Kaloleni kwa miguu.

Duka lilikuwa na wateja. Mlevi mmoja alikuwa akisema, "Niaje mathe, leta moja baridi." Wacuka alimpita, akaingia ndani ya wavu.

"Mama, ni kweli ulisema?"

Nafula aliweka chupa chini. "Nilisema."

"Wakoli ni jambazi?"

"Walitaka neno. Nikawapa neno. Nekesa angekula nini?"

"Angekula sukuma na chumvi! Angekula ugali mkavu, na babake angekuwa mtu!" Wacuka hakupiga kelele tena baada ya hapo. Sauti ilishuka. "Mimi nilikuwa nazunguka kwenye geti nikiwaomba watu wasiogope. Watu wa mbali, mama. Nikiwaambia hata mamake yuko na sisi."

Nafula alinyosha mkono, Wacuka akarudi nyuma. Wateja waliacha chupa walizonunua juu ya kaunta, wakatoka mmoja mmoja.

Kesho yake Wacuka alimchukua Nekesa na vyombo vyake wakahamia Njiru, kwa rafiki yake mmoja. Wakati ule Njiru ilikuwa bado mashamba na nyumba za mabati zilizotawanyika. Hakuacha neno la kuaga. Usiku ukuta wetu ukawa kimya.

Nafula alifungua duka siku chache, kisha siku moja akaja kwangu na ile leseni mkononi. Aliniomba nimsindikize. Tulikwenda kwanza kwa wakili. Nafula akamwambia anataka kuyafuta maneno yake, anataka kuapa kwamba mwanawe alikuwa akitoka kazini. Wakili alimsikiza hadi mwisho.

"Nitaandika, mama. Lakini sikudanganyi. Watauliza ni lini ulikuwa unasema kweli, siku ile au leo."

"Waambie leo. Siku ile nilikuwa nauza."

Tukaenda kituoni. Mkuu wa kituo alikuwa nje, mguu juu ya ngazi, akiongea na dereva. Nafula akamwambia alilokuja nalo. Yule mtu alitabasamu.

"Sasa ukiyarudisha maneno, mama, na leseni utairudisha?"

"Nimekuja nayo," Nafula akasema, akaiweka juu ya ngazi, karibu na kiatu chake.

Mkuu alidhani ni mzaha. Alipoona mama ameshageuka, tabasamu lilimtoka. Koplo Gedi alikuwa mlangoni. Aliingia ndani upesi, kama mtu aliyeitwa, ingawa hakuna aliyemwita.

Duka lilikufa kama Nzivo alivyosema. Bila bia, kodi ilishinda mikate. Nafula alikabidhi funguo, akaanza kuuza nyanya na vitunguu juu ya gunia karibu na bucha za Burma, katika moshi wa nyama. Habari zilipofika Kangundo, Nzivo aliagiza mtu amletee Nafula salamu na debe la maharagwe. Alifariki kabla ya Krismasi. Nafula alikwenda mazishini, na watoto wa Nzivo wakamkalisha kwenye safu ya jamaa.

Kiapo chake wakili alikipeleka. Mara ya kwanza kilirudishwa, mara ya pili hakikujibiwa. Kesi ya Wakoli haijafunguliwa hadi leo ninaposimulia, na wale wenzake wa kiwandani wametawanyika.

Mvua ya El Nino ilipokuja mwishoni mwa tisini na saba, Kaloleni ilijaa maji na Nafula hakuwa na soko. Siku moja alifunga nyanya zilizobaki ndani ya kanga, akaenda Njiru. Hakuwa amealikwa. Njia ilikuwa tope tupu, na alifika viatu viko mkononi.

Wacuka alifungua mlango, akaitazama miguu yake yenye tope.

"Wakili aliniambia ulichofanya," alisema.

"Nilichelewa."

"Ndiyo, mama. Ulichelewa."

Mvua ilikuwa inampiga Nafula mgongoni. Wacuka alisogea kando, akampisha. Walipika nyanya, wakala, Nekesa akalala katikati yao akiwa na maswali yake ya kitoto kuhusu mabata na matope. Asubuhi Wacuka alivaa koti la kwenda kazini, akasimama mlangoni kama aliyesahau kitu.

"Uji uko kwenye sufuria," alimwambia Nafula. "Akiamka, usimruhusu atoke nje bila viatu."

Akaondoka, mlango akauacha wazi.