Kaka alifuta chumba changu cha gesti, sasa anatishia kususia harusi ya binti yangu

Msomaji huyu ameomba tumfiche jina, nasi tumemfichia. Maneno yote ni yake.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, mjane, mwandishi wa habari mkoani Mtwara. Natumia kiti cha magurudumu tangu gari la kazi lilipopinduka nikienda kuandika habari za kijiji kipya. Siandiki ili nionewe huruma. Kazi naifanya, mshahara naupata, na kilichoharibika ni miguu, si akili.

Binti yangu wa pekee ni karani Dar es Salaam na amechumbiwa. Sisi ni watu wa Masasi. Kwetu mtoto ana baba, lakini mwenye neno juu yake ni mjomba. Mjomba asiposimama, wazee hawapokei posa wala hawamtoi binti. Mjomba huyo ni kaka yangu mkubwa, anayeishi Mtoni, nyuma kidogo ya barabara ya Kilwa.

Kwake napajua. Choo kipo uani, kina kizingiti kirefu na mlango ambao kiti changu hakipiti. Kwa hiyo nilipoitwa kupokea posa, nilitafuta chumba kabla ya tiketi. Nilimpigia simu mwenzangu wa chumba cha habari Dar, nikamwambia asinieleze uzuri wa hoteli. Achukue futi kamba apime milango. Hoteli ya kwanza, ya mjini, ilikuwa na lifti, ila kuifikia hiyo lifti unapanda ngazi. Ya pili, Mikocheni, chumba kilikuwa chini na mlango mpana, lakini bafuni hata mtu mzima wa miguu anajikunyata. Baadaye akanipigia akicheka: "Dada, nimepata Keko. Gesti ya mama mmoja, yote iko chini. Mlango wa choo ni mwembamba, lakini amesema atang'oa mpaka fremu, aweke pazia. Majirani zake mafundi seremala, ubao wa kukupandisha barazani wanauchonga leo."

Nilifurahi kuliko siku niliyopata kazi. Nikamwandikia kaka, kwa heshima, nikamweleza nitakapolala. Hakujibu.

Nilipofika Dar, kaka alinipokea mwenyewe. Nikamwambia dereva wa teksi, "Keko." Kaka akasema, "Mtoni." Nikadhani anataka nisalimie kwanza. Tulipofika, mbele ya wageni waliojaa uani, ndipo akatangaza kwamba amekwenda Keko kumwambia yule mama chumba hakitakiwi tena. Kilikuwa kimeshachukuliwa na msafiri mwingine.

"Gesti walale wasio na ndugu," alisema. "Mie nina nyumba. Watu wa Masasi wakisikia, si watasema nimemfukuza mdogo wangu?"

"Kaka, choo chako sipiti."

"Tutakubeba. Kwani sie wachache?"

Mjumbe wa nyumba kumi, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, akadakia: "Na mwanamke peke yake gesti, ndugu mwandishi? Huko wanalala wahuni. Tena hizi ni siku za Ujamaa, mambo ya kujitenga tumeshayaacha."

"Ujamaa wa kunibeba kama gunia la korosho?" nikamuuliza.

Wakacheka, wakidhani natania.

Basi nikabebwa. Kaka mabegani, mjumbe miguuni, khanga imenipanda juu ya magoti, wazazi wa mchumba wakiinamisha macho. Mlangoni mwa choo wakanikabidhi kwa wifi yangu, mke wa kaka, ambaye mgongo wake mwenyewe mbovu. Nilipotoka humo niliacha kunywa. Kila wifi alipoleta chai, nilisema nimeshiba.

"Wifi, basi hata maji."

"Nikinywa, nani atanibeba?"

Tangu hapo alikuwa akileta kikombe kitupu na kukiweka mbele yangu, ili kaka akipita aone nimeshakunywa. Na kaka akipita alikuwa akiwaambia wageni, "Mnaona? Alitaka kwenda kuteseka gesti, huku anahudumiwa."

Posa ikapokelewa. Nikarudi Mtwara, nikalazwa kwa ugonjwa wa mkojo. Daktari akanigombeza mimi, kwa nini mtu mzima sinywi maji.

Sasa harusi imekaribia. Yule mama wa Keko ameniandikia kwamba mlango hajaurudisha, chumba kinaningoja, na safari hii hakitoi mpaka nikatae kwa mdomo wangu mwenyewe. Kaka amepata habari. Alipiga simu ofisini kwangu na hakuniuliza hata hali. "Ukilala gesti, usinitafute kanisani. Mjomba wa kumtoa binti yako mtamwokota hukohuko Keko."

Nilidhani binti yangu angalau atasimama upande wangu. Ameniambia, "Mama, ni siku chache tu, vumilia kwa ajili yangu." Neno hilo limeniuma kuliko kubebwa, kwa sababu yeye alikuwepo. Siku ile uani, yeye ndiye aliyekuwa akikimbia pembeni yangu akinishushia khanga.

Kaka si mtu mbaya. Alimsomesha binti huyu mimi nilipokuwa hospitalini, na hilo sitalikana. Lakini siku hizi nikisikia sauti yake napandwa na hasira. Chumba nilikitafuta mwenyewe, nikapata panaponifaa, akakifuta bila kuniuliza, na sifa akachukua yeye.

Nishaurini, wasomaji. Nilale Keko, binti yangu asimame bila mjomba? Au nilale Mtoni, nibebwe tena mbele ya wakwe, siku ya harusi, nikiwa nimevaa nguo yangu nzuri? Barua zote nitazisoma. Ila anayetaka kuniambia nivumilie, kwanza ashinde kutwa nzima bila kunywa kitu, mbele yake kikombe kitupu, kila mtu akimwambia karibu chai. Akimaliza, ndipo ashike kalamu.