Daftari la Misiba

Mama yangu amenipa kazi ya kumtafuta mtu aliyemzulia jirani yake uongo, na mtu huyo ni mimi. Amenichagua kwa sababu, kwa maneno yake, katika wanawe wote mimi ndiye ninayeandika mambo nikayakumbuka.

Yalipoanza haya nilikuwa katibu mwenezi wa chama chetu katika kata, hapa Tanga mjini. Kazi ya mwenezi ni kueneza habari njema za chama. Uchaguzi wa diwani ulipokaribia tukaona habari njema hazitoshi, tukaamua kueneza habari mbaya za mpinzani.

Mpinzani alitutaabisha. Ni seremala wa Chumbageni, mtu mzima, mpole, na karakana yake inatazamana na nyumba ya mama. Tulianza kwa kusema ana mke wa siri huko Mwera. Wanaume wakawa wanamsalimia kwa heshima zaidi. Tukasema cheti chake cha chuo ni cha kughushi. Akajibu mkutanoni kwamba yeye aliishia darasa la saba, na kama kuna chuo kilichompa cheti, atashukuru sana kukiona. Watu walicheka, na wa kwetu wakiwemo.

"Mtu gani huyu asiye na doa?" mwenyekiti wetu aliuliza siku ya kikao.

Hapo nikatoa daftari.

Mimi ni mtu wa mpangilio. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikihudhuria misiba ya mtaa ule kwa niaba ya chama, na kila nilipokaa mkekani na wanaume wenzangu, nje ya nyumba ya wafiwa, niliandika: msiba wa nani, nani kafika, kafika saa ngapi, kaketi wapi. Misiba saba. Katika yote saba seremala hakuonekana mkekani hata mara moja. Makaburini sikuandika kitu, kwa sababu huko nilikuwa na kazi ya kumpiga picha mgombea wetu akishika koleo.

Mwenyekiti alifunua kurasa polepole, akalamba kidole, akafunua tena.

"Mwenezi," alisema, "kumbe ulikuwa umetukalia dhahabu."

Hapa kwetu mtu husamehewa uvivu, husamehewa ulevi, hata kushangilia timu ya mkoa mwingine. Kutozika wenzake hasamehewi. Nikaandika ujumbe, na dada mmoja wa chama mwenye sauti ya upole akausoma kwenye simu: "Ndugu zangu, mtu ambaye hakuwazikia baba zenu, leo awaongoze nyinyi?" Ulitoka asubuhi. Kufika alasiri ulikuwa umeingia kila simu ya Chumbageni, pamoja na ya mama.

Kesho yake aliniita. Nilimkuta uani anakuna nazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa. Umeisikia takataka hii?"

Akaniwekea ile sauti tangu mwanzo mpaka mwisho. Nikakaa nasikiliza maneno yangu mwenyewe.

"Nimeisikia."

"Babako alipokufa ulikuwa wapi?"

"Dodoma, mkutanoni."

"Ukafika saa ngapi?"

"Ameshavishwa sanda."

"Nani alimwosha?"

Sikujua. Sikuwahi kuuliza. Mama akaelekeza kifuu upande wa karakana.

"Yule. Ndoo ya maji nilimpa mimi mwenyewe, mlangoni. Wanaume wa mtaa huu anawaosha yeye, miaka na miaka. Akimaliza anatokea uani, anakwenda kuoga, anabadili kanzu, anawafuata makaburini. Sasa atakaaje mkekani, naye yumo ndani na maiti?"

Nikaipitia misiba yangu saba kichwani. Yote ilikuwa ya wanaume. Mara saba nilikaa hatua chache kutoka dirishani, nikaandika kwa mwandiko mzuri kwamba mtu aliyekuwa upande wa pili wa ukuta hayupo. Waosha maiti hawasimulii wanayoyaona humo ndani. Huyu alizidi: hata kwamba alikuwemo hakusema.

"Nitafutie aliyeyatunga haya," mama alisema. "Nikimjua, shikamoo yake siitikii mpaka naingia kaburini."

Nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti.

"Tuufute ule ujumbe. Kumbe mwenzetu ndiye mwosha maiti."

Akafikiri. "Vizuri zaidi. Tuseme anaosha maiti ili apate kura."

"Za maiti?"

"Za wafiwa. Andika."

"Siandiki, mwenyekiti."

"Wewe mwenezi wetu au mshenga wake?"

Nikamwekea mezani muhuri na funguo za ofisi, nikaondoka. Nilikuwa nimefika barabarani nilipokumbuka kwamba daftari nimeliacha palepale, na jina langu liko kwenye jalada. Nikaona aibu kurudi.

Mgombea wetu alishinda. Tangu aapishwe sijamwona msibani hata mara moja, ila sasa sina pa kuandika.

Kila Ijumaa mama hunipa sahani ya wali na samaki nimpelekee seremala, na kila Ijumaa huuliza, "Umefikia wapi?" Humjibu naulizia. "Anzia kwenye chama chenu," huniambia. Nikishasema shikamoo mlangoni, husimama kwanza nisikie marahaba, ndipo navua viatu.

Kwa seremala mara tatu nimeingia na nia ya kusema, mara tatu nimeishia kusifia kabati. Yeye hupokea sahani kwa mikono miwili. "Mwambie mama ahsante," husema. "Na wewe pole na uchunguzi." Sijajua ananipa pole ya namna gani.

Jumatano iliyopita mwenyekiti alinipigia simu, mchangamfu sana. Alisema amepita kumsalimia mama, akaona amwachie daftari langu, asije akaambiwa ameiba mali ya mtu.

Ijumaa nikaenda kama kawaida. Nilisema shikamoo mlangoni, lakini redio ilikuwa juu, sikusikia kama ameitikia. Daftari sikuliona. Miwani yake ya kusomea ilikuwa mezani, nje ya kasha lake. Akanipa sahani ya seremala, imefunikwa kawa. Hakuniuliza nimefikia wapi.