Mabomba Marefu na Goli la Bunda

Nyie mnaocheka mkiniona napita Bunda, chekeni tu, maana hata mimi nikikumbuka najifunika kanga usoni nikiwa peke yangu jikoni, na ambao hamjaisikia ni afadhali muisikie kwa mdomo wangu kuliko kwa watu wa mtaani kwetu Nyasho, ambao wameiongezea chumvi mpaka siku hizi wanasemaga nilimgonga refa (uongo mtupu, refa alikimbia mwenyewe, tena mapema).

Ilikuwa ile miaka ruksa ya kuleta bidhaa kutoka nje imeanza kuingia. Tulikuwa tumetoka kwenye kupanga foleni ya sabuni na kuomba kibali cha petroli, mtu akionekana na tairi jipya anaulizwa amelipata wapi, halafu taratibu vitu vikaanza kuteremka, mitumba, redio, mpaka magari ya kutoka Uarabuni. Mzee Shabani, mwenye duka la vitambaa pale Bunda mjini, akaleta kigari chekundu cha milango miwili, kifupi, kimeinama mbele kama paka anayetaka kuruka, na kweli watu wakakiita Paka. Akatangaza kwamba atakiingiza kwenye mbio za magari Mwanza. Alitafuta fundi wa kukiongezea nguvu, akampata mume wangu Hamisi, ambaye ni mchomeleaji hapa Nyasho, na alipouliza nani wa kukijaribu barabarani akaambiwa ni mke wa fundi.

Mke wa fundi ndiyo mimi, Wakuru. Udereva nilijifunza nikiwa msichana kwenye mafunzo ya kujenga taifa, nikaendesha malori ya pamba mpaka malori yenyewe yakaisha kwa kukosa vipuri. Marafiki wa Mzee Shabani walikuwa wanamwambia atafute dereva mwanaume Mwanza. Yeye akasema, "Nitamwona huyu mama kwanza." Nyie, neno "kwanza" lile lilininyima usingizi. Nikajiapiza kwamba nitaendesha Paka kwenye zile mbio hata kama itabidi niuze cherehani.

Sasa nisikilizeni kidogo habari ya mabomba, sitawachosha. Injini ya Paka ina matundu manne ya kutolea moshi. Gari likitoka kiwandani linawekewa chuma kizito, kifupi, moshi wa tundu moja unakutana na wa jirani yake palepale mlangoni wanasukumana kama watu wa foleni ya sukari. Ukitaka gari lipumue, unalitengenezea mabomba, kila tundu na bomba lake, ndipo yakutane mbele ya safari yawe eksozi moja. Ugomvi uko hapo: yakutane wapi? Hamisi alitengeneza seti mbili. Moja mabomba marefu, yanashuka yanapita chini ya miguu ya dereva, yanakutana karibu na kiti. Nyingine ya urefu wa kati, yanakutana mapema, nyuma kidogo tu ya injini, yamebanwa juu vizuri huwezi hata kuyaona.

Tulizijaribu zote kwenye kilima cha kuelekea Butiama. Na ukweli lazima niuseme: marefu yalikuwa matamu. Unaingia kilima na gia ya tatu, unakanyaga, gari linavuta toka chini kama ng'ombe wa plau, halishuki gia mpaka juu. Yale ya kati yalikuwa yanachangamka injini ikishakimbia, lakini pale katikati ya kilima lazima urudi gia ya pili.

"Umeona?" nikamwambia Hamisi. "Marefu."

"Nimeona kilima," akasema. "Sijaona barabara. Haya yananing'inia, mama Zaina. Jiwe moja tu."

"Mawe nayaona, baba Zaina. Nina macho."

Tukabishana hivyo siku nyingi, tunakula tunabishana, mpaka Zaina wetu akawa akiulizwa na wenzie wazazi wake wanagombania nini anajibu mabomba. Mzee Shabani akakata shauri: Jumamosi leteni gari na seti zote Bunda, kuna fainali ya mpira, nitakuwepo uwanjani na wenzangu, baada ya mechi mtazifunga moja moja tusikie wenyewe. Kombe lilikuwa lake, mipira yake, hata wavu wa magoli aliununua yeye, wavu wa kuvulia sangara, imara huo, mpya.

Jumamosi asubuhi Hamisi akatangulia na basi, amebeba ile seti ya kati kwenye gunia pamoja na spana. Akaniambia, "Wewe njoo na gari likiwa na chuma chake cha kiwandani. Marefu yaweke nyuma, tutayafunga hukohuko."

Nikasema sawa.

Basi halijamaliza kona nikawa nimeshalala chini ya gari nafungua chuma cha kiwandani. (Hapa ndipo pa kunichapa, kama mnataka kunichapa.) Niliwaza hivi: nikifika kimya kama mama anayetoka sokoni, wale wazee wataniona mke wa fundi. Nikifika na ule mngurumo, wataniona dereva. Nikayafunga mabomba marefu peke yangu, nikanawa, nikavaa gauni langu la kitenge na viatu vya kisigino, nikaondoka.

Ningeenda moja kwa moja Bunda yangeisha salama, nadhani. Lakini nilipofika njia panda nikasema moyoni, kwa kuwa gari linavuta hivi, nipite Butiama nimsalimie shangazi, naye aone. Shangazi yangu Nyangeta hakutaka kuona, alitaka lifti. Alikuwa na gunia la viazi vitamu, gunia la udaga wa muhogo, na majogoo wawili wa kupeleka Bunda kwa mkwewe. Ningemkatalia vipi? Huyo ndiye aliyenilea. Tukasindilia magunia nyuma, Paka akakaa chini kama kuku anayeatamia.

"Mbona kanalala?" shangazi akauliza.

"Ni ka mbio, shangazi. Yanakaaga chini hivi."

Hatujaenda mbali kulikuwa na tuta la udongo, watu wamekata mfereji wa maji kuvuka barabara. Nililiona, macho ninayo kama nilivyosema, nikapunguza mwendo, nikalipanda kwa upole kabisa. Gurudumu la mbele likapita. Halafu chini ya miguu yangu nikasikia KRAA, na baada ya hapo sikusikia tena kitu kingine, maana mabomba yalikatika pale yanapoungana na eksozi na injini ikawa inapumulia nje. Huo mlio siwezi kuuigiza. Ng'ombe waliokuwa wanachungwa kando ya barabara waliondoka wote pamoja na mchungaji.

Hapo mtu mwenye akili anasimama, anateremsha magunia, anatafuta lifti. Mimi nikatafuta waya. Nikaupata kwa fundi baiskeli, nikayafunga nao mabomba juu, nikazungusha ncha zake zikabaki zimechomoza chini kama ndoana (sikuwa na koleo la kukatia), nikarudi kwenye usukani, nikawasha. Shangazi akaniambia kitu. Nikaona mdomo unaenda, sauti haipo.

"Asante!" nikamjibu kwa nguvu, nikadhani ananipongeza.

Tumeingia Bunda, mji mzima umegeuka. Uwanja umejaa, timu zimeshapasha misuli, zimejipanga zisalimiane na wageni. Mzee Shabani yuko kwenye kiti chake na kanzu nyeupe, wazee wenzake wamemzunguka, Hamisi kasimama nyuma yao na gunia lake. Aliponiona, Mzee Shabani akainuka, akanyoosha mkono, akauzungusha hewani. Baadaye nikajua alikuwa anasema zima, geuka, rudi. Lakini mimi nilisoma: zunguka uwanja, watu wakuone.

Nikazunguka.

Na watu wakanipokea, nyie! Upande mzima wakasimama, wanapunga mikono, wengine wanavua mashati wanayapeperusha, wanawake wanaruka. Midomo yote imefunguka. Nikawa napunga kwa mkono mmoja kama kiongozi aliyetoka ziarani, nikapita nyuma ya goli, nikaongeza mafuta kidogo ili wasikie vizuri. Shangazi akanishika bega. Nikamtikisia kichwa kwamba ndiyo, nimeona, wanatupenda. Nikatazama kwenye kioo nikaona golikipa anakimbia nyuma yetu na glavu zake. Nikasema jamani, hata wachezaji. Nikaongeza tena. Paka akawa mzito ghafla, na nilivyo mkaidi nikajiambia hayo ndiyo mabomba marefu, yanapenda kuvuta, nikakanyaga mpaka chini, akavuta kweli, akavuta, halafu gurudumu la nyuma likakamatwa na injini ikazima.

Ndipo nikasikia kelele zenyewe. Hawakuwa wanashangilia. Walikuwa wanasema, "Simama! Goli! Mama, goli!" Nikageuka. Zile ncha za waya zilikuwa zimenasa ukingo wa wavu nilipopita, na wavu wa sangara haukatikagi, kwa hiyo niling'oa milingoti yote miwili na mti wa juu, nimeviburuta mpaka karibu na meza ya kombe, vimeandamana nyuma yangu na golikipa kashika mlingoti mmoja anauvuta arudi nao. Nailoni inaungulia kwenye bomba, harufu yake mbaya. Halafu mtu mmoja kutoka upande wa mashariki akauliza, "Amefunga au ni ofsaidi?"

Walicheka watu wale. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Shangazi akateremka na majogoo wake, akanitazama. "Nimekwambia simama tangu Butiama," akasema, "unanijibu asante, asante." Akaenda zake kwa mkwewe.

Nilitaka kubaki ndani ya gari mpaka giza. Kabisa. Lakini nikamwona mmoja wa wale marafiki wa Mzee Shabani ameinama kwenye sikio lake, nikajua kabisa ni neno gani linasemwa, kuna dereva Mwanza. Nikavua viatu vya kisigino. Nikamwendea mtunza uwanja nikamwomba jembe.

"Acha, mama, vijana watachimba," akasema.

"Nimeng'oa mimi. Nipe."

Nikachimba. Na gauni la kitenge, mbele ya Bunda nzima, udongo mgumu ule, watu wanahesabu mapigo ya jembe kwa sauti na kunipigia makofi ya kejeli, na mimi nachimba. Hamisi alipomaliza kukata wavu kwenye gurudumu akaja akasimama kando yangu. Hakusema jiwe, hakusema tuta. Alisema, "Shimo la pili nianze?" Nikamwambia aanze. Tukasimamisha milingoti, golikipa akapima kwa hatua zake, akasema kumbe zamani goli lilikuwa limeinama, sasa hivi limenyooka. Mchezo ukachelewa, lakini ukachezwa.

Wakati mpira unaendelea sisi tulikuwa chini ya gari, tunafungua marefu yaliyopinda, tunafunga yale ya kati, na kando ya uwanja kuna watu waliotazama miguu yetu kuliko mpira. Filimbi ya mwisho ilipolia Paka akawaka. Sauti nzuri, ya kubana, ya mtu anayejiheshimu. Mzee Shabani akaingia akakaa pembeni yangu, nikampeleka njia ya Mugeta, mashimo, makorongo, mawe, tukarudi bila kugusa chini.

"Binti," akasema tulipofika, "usinidanganye. Yale ya kwanza yalikuwa na nguvu?"

Hamisi alikuwa anasikia, nami nikajibu, "Yalikuwa na nguvu, mzee. Kwenye kilima yanayashinda haya. Hilo silifuti."

"Na haya?"

"Haya kwenye kilima unarudi gia. Lakini yanafika na wewe."

"Basi nifungie ya kufika."

Kuhusu udereva akasema atafikiri, na alipomaliza kufikiri alimchukua yule wa Mwanza. Sikununa. Au niseme nilinuna, nikamaliza. Nikaomba kwenda kama fundi msaidizi, nikaenda, nikabeba spana, nikashika tochi, nikaangalia yule bwana anavyokata kona, na mwaka uliofuata nikarudi kwa Mzee Shabani asubuhi na mapema kabla hajafungua duka, nikamwambia, "Shikamoo mzee, nimekuja kuhusu lile la kufikiri." Akacheka, akanipa ufunguo.

Tangu hapo nina viapo viwili na sijavivunja. Kabla sijawasha gari lolote, nalala chini kwanza naangalia kinachoning'inia, hata kama nimevaa nguo ya Idi. Na watu wakinipigia kelele barabarani, hata wakiwa wanacheka, hata wakirusha maua, nazima injini kabisa, ndipo nipunge mkono.