Birika Lililosuguliwa

Nilipokuja kuishi kwa shangazi baada ya masomo yangu, kitu cha kwanza nilichokiona ni mavazi yake: gauni jeusi, mtandio mweusi, hata glavu nyeusi, na hakuna aliyefariki. Majirani walishachoka kumpa pole.

"Nikivaa nyeupe naonekana ndani ya sufuria," alinieleza.

Kazi yake ni kupiga picha za vyombo vya nyumbani, na chombo kinachong'aa hakina siri: humwonyesha kila aliye mbele yake. Hupigia picha katika chumba cha kulia chakula. Dirisha limezibwa kwa blanketi, meza imesukumwa ukutani, na mwanga hutoka pale anapotaka yeye.

Juzi kiwanda kimoja kilimletea birika la chuma, la kwanza kutengenezwa. La pili bado. Picha yake itachapishwa kwenye maboksi. Ikipendeza, vyombo vyao vyote vitaletwa kwa shangazi, naye ataagana na studio ya watu anakopiga picha za vitambulisho tangu ujana wake.

Leo asubuhi alilipaka birika poda ya mtoto kwa pamba, kidogo tu, ili kufifisha mng'aro. Kisha akatoka kununua balbu. Mama mkwe wake, aliyekuja kututembelea, akaingia chumbani, akaona birika jipya limejaa vumbi, akamwonea haya mkwewe. Shangazi aliporudi alilikuta limesuguliwa kwa waya wa kusugulia masufuria, pande zote, mpaka mdomoni.

"Sasa limetakata, mwanangu," bibi alisema.

Mama mkwe hafokewi. Shangazi aliwasha taa moja ubavuni mwa birika, na mikwaruzo ikajitokeza yote kama nyufa za ukuta.

Bibi akainama kutazama. "Hiyo mistari nimeichora mimi?"

"Nishikie hapa, Mama."

Akampa ncha moja ya shuka jeupe, nyingine akampa mjomba, mumewe, kisha akaihamishia taa nyuma ya shuka. Mwanga ukalainika, ukaenea, na mikwaruzo ikaanza kuzama. Lakini mikono ya bibi ilitetemeka. Shuka likacheza, na kivuli nacho kikacheza.

"Mama, tulia basi. Usipumue," mjomba alisema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka picha itoke."

"Basi mtanizika na birika lenu."

Shangazi alipiga, akatazama, akasogeza taa upana wa kidole kimoja, akapiga tena. Hatimaye akakaa sakafuni. Birika lilikuwa limetokea laini, halina hata alama.

"Tuma, na unyamaze," mjomba alimshauri. "Ukisema limekwaruzwa, umejichongea."

"Na birika lenyewe halirudi kwa mwenyewe? Au atalipokea amefumba macho?"

Alimtumia mwenye kiwanda picha, kisha akarekodi ujumbe wa sauti na kueleza kila kitu, isipokuwa jina la aliyesugua. "Limeharibikia mikononi mwangu," alisema tu.

Jibu lilikuja papo hapo: *Nimeona. Nakuja mwenyewe sasa hivi.*

Tumelisoma na kulisoma tena, wala hatujui kama ni la hasira au la heri. Shangazi analifuta birika mahali palepale. Bibi amejifunga kanga kiunoni na kuketi karibu na mlango.

"Akibisha hodi, asiitikie mtu," anasema. "Nitamfungulia mimi niliyelisugua."